Kabla ya Kupanga Watu kwa Picha ya Ukoo

Kwanza uliza picha inakwenda wapi. Ni ya ukutani kwa bibi, ya simu za wajukuu, au ya kalenda? Swali hili huulizwa mwisho, watu wakiwa wameshatawanyika kwenye pilau, na hapo halina msaada tena. Shikilia hilo, tutalirudia kwa urefu.

Mwanga. Saa sita mchana jua la utosini hufanya macho yawe mashimo meusi. Watafutie watu kivuli kipana, na kivuli cha ukuta wa nyumba kinafaa kuliko cha mwembe. Majani ya mwembe hupenyeza vipande vya jua, na shangazi mmoja atatoka na doa jeupe shavuni ambalo hakuna programu italiondoa vizuri.

Nyuma ya watu. Pitisha macho juu ya vichwa kabla hujapitisha kwenye nyuso. Nguzo ya umeme, antena, kamba ya kuanikia: sogea hatua mbili kando, mara nyingi inatosha. Ukingo wa ukuta usikate shingo za watu. Panda juu kidogo au shuka mpaka mstari ule upite juu ya vichwa au chini ya mabega.

Lenzi. Rudi nyuma kwa miguu yako, usikimbilie lenzi pana. Milimita 24, au ile 0.5 ya simu, huvuta watu wa pembeni: mwembamba anakuwa mnene, kichwa kinakuwa kama yai lililolala. Kwa kamera ya fremu nzima, yaani yenye sensa ya ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, tumia milimita 35 hadi 50, kwa simu baki kwenye 1x. Kama kuna safu tatu, weka tundu la lenzi f/8, kasi isipungue 1/125 ya sekunde, na fokasi iwe kwenye macho ya safu ya mbele, kwa sababu ukali wa picha huenea zaidi kwenda nyuma kuliko kuja mbele. Wewe panda kwenye kiti imara ili safu ya nyuma isifichwe.

Kanuni ya theluthi. Washa ile mistari miwili ya kulala na miwili ya kusimama kwenye kioo cha kamera, inayogawa picha mafungu matatu kila upande. Kwa mtu mmoja mbele ya bahari, kumweka kwenye mstari wa pembeni kunapendeza, na akitazama kulia nafasi ibaki kulia. Kwa ukoo usiwasukume watu upande. Hapo mistari ya kulala ndiyo yenye kazi: nyuso zikae karibu na ule wa juu, na sakafu ionekane imenyooka. Kama miguu haiingii yote, kata katikati ya paja. Usikate kwenye goti wala kifundo, maana mtu huonekana kama amepungukiwa kiungo.

Sasa lile swali la kwanza, ambalo ndilo linaloumiza watu.

Kamera nyingi hutoa picha ya 3 kwa 2, upana kwa kimo. Karatasi ambayo familia nyingi huagiza kwa fremu ya ukutani ni inchi 8 kwa 10, yaani 5 kwa 4, na ina umbo nene zaidi. Mashine ya kusafishia picha ikijaza karatasi hiyo, inatupa sehemu moja ya sita ya upana. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 inabaki 5000 kwa 4000: pikseli 500 zimekwenda kushoto, 500 kulia. Chukua safu ya watu 12 waliojaza picha ukingo hadi ukingo. Kila mmoja ana sehemu moja ya 12. Karatasi ile inawala wawili, mmoja kila upande, wazimawazima.

Na pembeni husimama nani? Aliyechelewa kwa sababu alikuwa jikoni. Mama mdogo aliyekuja mbio akifuta mikono kwenye kanga, akaambiwa “ingia hapo mwisho.” Kwenye kioo cha kamera yupo, anatabasamu. Picha inakuja imesafishwa, imewekwa kioo, inafunguliwa sebuleni mbele ya wote, na kilichobaki chake ni kiwiko na pindo la kanga. Hakuna anayemwamini mpiga picha akisema hakumkata. Na kama yule aliyesafisha alipewa faili lililokwisha kukatwa, na la asili limefutwa ili kupata nafasi kwenye kadi, basi siku familia inatafuta picha yake ya tanzia, hiyo waliyodhani wanayo haipo.

Kwa hiyo: kundi lisizidi robo tatu ya upana wa picha. Kwenye 8 kwa 10 zitabaki kama sentimita 1.3 kila upande, na mdomo wa fremu ya mbao utakula karibu nusu yake. Usipange safu moja ndefu. Watu 30 waweke 8 wamekaa, 10 wamesimama, 12 nyuma kwenye ngazi au benchi. Umbo hilo linakaribiana na karatasi. Au agiza inchi 8 kwa 12, ambayo haikati kitu. Ikibidi iwe 8 kwa 10, mwambie fundi asijaze karatasi: juu na chini vitabaki vipande vyeupe vya karibu sentimita 1.7, na watu wote watakuwepo.

Simu ina balaa lake. Picha yake ya kawaida ni 4 kwa 3, na ikisafishwa inchi 4 kwa 6 inakatwa kimo, sehemu moja ya tisa. Hapo ni vilemba na viatu vinavyoondoka, kwa hiyo acha nafasi juu na chini. Turubai, yaani picha iliyochapwa kwenye kitambaa kigumu, ndiyo mlafi kuliko zote: ikizungushwa kwenye mbao ya sentimita 4, sentimita 4 za kila upande zinageukia ubavuni.

Faili litume kama dokumenti, kwa kuwa WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana. Inchi 8 kwa 10 inataka pikseli 2400 kwa 3000. Piga mara tano au sita, maana kwenye watu 30 lazima mmoja afumbe macho. Hesabu vichwa kwenye kioo kabla hujasema “asanteni,” ukianzia pembeni. Angalia chaji, angalia kadi, na usifute chochote mpaka picha ya mwisho iwe mkononi mwa mwenyewe.