Jinsi ya kupiga hesabu za tarakimu nyingi kwa bc kwenye terminali

Kalkuleta nyingi ukiziuliza 2 kipeo cha 100 zinakupa tarakimu chache za mwanzo alafu zinamalizia na e30, zingine huzioni. Kama kazi yako inataka namba nzima mpaka tarakimu ya mwisho tumia bc, programu ndogo iliyokuwepo tangu Unix ya miaka ya 70, inabeba namba kubwa kiasi chochote mradi memori ya kompyuta inatosha.

Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri). Kwenye Ubuntu au Debian kama haipo andika sudo apt install bc, kwenye Mac kawaida inakuwepo. Kuingia ni bc -q, hiyo q inazuia yale maelezo marefu ya mwanzo, kutoka ni quit. Ukishaingia andika hesabu, bonyeza Enter:

2^100
1267650600228229401496703205376

Jaribu na 0.1+0.2, itakujibu .3 kamili (sifuri ya mbele haiandikagi, usishtuke), wakati lugha ya programu ya Python inakupa 0.30000000000000004 kwasababu yenyewe inatunza desimali kwa mfumo wa 0 na 1 na bc inatunza kwa kumi kumi kama tunavyoandika sisi.

Sasa kitu cha kukielewa vizuri kuliko vyote ni scale, manake watu wengi wanaikimbia bc hapa hapa. Scale ni idadi ya tarakimu baada ya nukta na inaanza na 0, kwahiyo 22/7 inakupa 3 tu. Andika scale=10 kwanza alafu rudia, utapata 3.1428571428. Ila bc haikadirii, inakata tu, scale ikiwa 4 basi 2/3 ni .6666 na sio .6667, na inakata kila hatua sio mwishoni peke yake, kwahiyo mpangilio wa hesabu una maana kubwa, cheki hii:

scale=2
1/3*100
33.00
100*1/3
33.33

Hesabu ile ile majibu mawili, kwasababu ya kwanza imekata 1/3 ikawa .33 ndio ikazidisha. Kwahiyo zidisha kwanza, gawanya mwishoni, na weka scale kubwa kuliko unayohitaji alafu upunguze ukimaliza. Ukitaka kukadiria kwa desimali mbili ongeza 0.005 kwenye namba yako (kama ni chanya), weka scale=2, gawanya kwa 1: (2.678+0.005)/1 inatoa 2.68. Kugawanya kwa 1 ndiko kunakoikata, kujumlisha peke yake hakukati.

Kwa sine, cosine, logi na wenzake ingia na bc -l, scale inakuwa 20 yenyewe. Herufi ni s (sine), c (cosine), a (arctangent), l (logi asilia) na e (e kwa kipeo unachotaka), pembe zote kwa radiani. Pai unaipata kwa 4*a(1), inatoa 3.14159265358979323844, na hapo angalia vizuri, pai halisi inaishia 46 sio 44, ndio kule kukatwa nilikosema. Ukitaka tarakimu 50 za uhakika weka scale=60 na za mwisho usizichukue.

Ukiwa ndani ya -l usitumie % kutafuta baki, 7%3 inakupa .00000000000000000001, rudisha scale=0 kwanza ndio upate 1. Na 2^0.5 haifanyi kazi, kipeo lazima kiwe namba nzima, tumia sqrt(2), au e(0.7*l(2)) kwa vipeo vingine vya desimali.

Kubadilisha mfumo wa namba kuna obase ya majibu na ibase ya unachoingiza, na obase iwekwe kwanza, kwasababu ukishaandika ibase=16 hata hiyo 10 unayoandika baadaye inasomwa kama 16. Kurudi kwenye kawaida andika ibase=A. Herufi za heksadesimali (mfumo wa 16, A mpaka F) ziwe kubwa, ndogo inazichukua kama vigeu.

Fankisheni unajitengenezea mwenyewe, mfano faktoria:

define f(n) {
if (n<2) return (1)
return (n*f(n-1))
}
f(30)
265252859812191058636308480000000

Mabano ya { yabaki mstari mmoja na define. Fankisheni unazozitumia sana ziweke kwenye faili, mfano zangu.bc, alafu uingie na bc -l zangu.bc zitakuwa tayari.

Kwenye skripti unaitumia hivi: echo "scale=10; 22/7" | bc. Namba ikiwa ndefu sana inavunjwa mistari na alama ya \ mwishoni, na hiyo inaharibu skripti inayosoma jibu, kwahiyo kwenye bc ya GNU (ile ya Ubuntu na Debian) andika hivi na 2^1000 itatoka na tarakimu zake zote 302 kwenye mstari mmoja:

echo "2^1000" | BC_LINE_LENGTH=0 bc