Somo: Kutafuta hitilafu za maji na matangi ya uchafu kwenye RV

Majira ya joto yakianza huku Marekani, Waswahili wenzangu walionunua RV (magari yenye nyumba ndani) za mtumba huniuliza yale yale: pampu inanguruma maji hayaji, choo kinanuka, tangi halitaki kuisha. Wengi huwa wameshaagiza pampu mpya kabla ya kuuliza. Somo hili ni la kukuzuia usitoe hela hadi ujue ubovu uko upande gani.

RV ina njia mbili za kuingiza maji. Moja ni tangi la maji safi linalosukumwa na pampu ndogo ya volti 12. Nyingine ni mpira unaoungwa kwenye bomba la kambi unapoegesha. Zote mbili zinakutana kwenye mabomba yale yale kabla ya kufika kwenye sinki, bafu, choo na hita. Aliyekulia nyumba yenye simtanki na pampu uani ataielewa haraka. Maji yaliyotumika yanaishia chini ya gari: ya sinki na bafu kwenye tangi la kijivu, ya choo kwenye tangi jeusi.

Hatua ya 1: Linganisha njia mbili

Zima pampu, unga mpira wa kambi, fungua koki. Maji yakitoka vizuri kwa mpira ila kwa pampu yakagoma, ubovu uko kati ya tangi na pampu. Usiguse kitu kingine. Yakigoma kwa njia zote mbili, tafuta mbele. Anza na kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa koki. Kifungue kwa mkono, mara nyingi utakuta chembe nyeupe za chokaa na vijipande vya plastiki. Kiloweke kwenye siki.

Kabla hujaunga mpira, funga kipunguza presha cha psi 45 hadi 50. Kambi nyingine zina presha kubwa mno kwa mabomba ya gari. Kifunge pale kwenye bomba la kambi, si kwenye gari, ili na mpira wenyewe upone.

Hatua ya 2: Pampu

Ikiwa kimya kabisa, kagua fyuzi na betri, kisha washa swichi na upime umeme kwenye nyaya za pampu yenyewe. Volti 12 zikifika na bado iko kimya, hapo ndipo unaweza kusema pampu imekufa.

Ikinguruma bila kutoa maji, inavuta hewa. Hakikisha tangi lina maji kwa macho yako, taa za geji usiziamini. Kisha nenda kwenye chujio, kile kikombe cha plastiki angavu kabla ya pampu. Kifungue, osha wavu, toa oringi (pete ya mpira ya kuziba) na uipitishe vidoleni. Chembe moja ya mchanga au ufa mdogo tu, hewa inapita. Pembeni hapo huwa kuna kijipira kifupi chenye valvu yake, cha kuvutia dawa ya kuzuia mabomba yasigande wakati wa baridi. Valvu hiyo ikiachwa wazi tangu majira ya baridi, pampu itavuta hewa siku nzima. Wanunuzi wa mtumba wanasumbuliwa sana na hiki kijipira, kwa sababu muuzaji huwa hasemi chochote.

Ikijiwasha usiku kidogo na kuzima, na koki zote zimefungwa, presha inapotea mahali. Pitisha tishu kavu kwenye maungio yote, nyuma ya choo na kwenye bafu la nje. Pakiwa pakavu kote, unga maji ya kambi, zima pampu, uangalie tangi. Likianza kujaa lenyewe, valvu ya kuzuia maji kurudi ndani ya pampu imechoka, na maji yanapita humo kurudi tangini.

Hatua ya 3: Hita

Maji baridi yanatoka ya moto hayatoki? Tafuta valvu za kuiruka hita, nyuma yake. Huenda bado ziko kwenye hali ya majira ya baridi, maji yanaipita hita bila kuingia. Na usiwashe hita ikiwa tupu, hasa ya umeme, kijiti chake cha kupashia maji kinaungua papo hapo. Ukitaka kuifungua kuisafisha: izime, iache ipoe, toa presha kwa valvu ya usalama, ndipo ufungue kizibo. Ukiharakisha utaungua.

Hatua ya 4: Matangi ya uchafu

Tangi jeusi linataka maji mengi. Kosa kubwa la watu kambini ni kuacha valvu yake wazi muda wote kwa kuwa mpira wa uchafu umeungwa. Maji yanakimbia, kinyesi kinabaki na kukauka kuwa kilima chini ya choo. Funga valvu, subiri hadi theluthi mbili zijae, ndipo umwage kwa mkupuo. Mwaga jeusi kwanza, kijivu baadaye, ili maji ya sabuni yasafishe mpira. Kisha rudisha ndoo moja ya maji kwenye tangi jeusi kabla ya kulitumia tena. Weka kiungo cha plastiki angavu pale mpira unapoanzia, utaona maji yanapobadilika rangi na hutabahatisha. Na glavu ni lazima.

Uchafu unamwagwa kwenye kituo maalumu tu. Kambi nyingi zinavyo, na baadhi ya vituo vya mafuta vya Love's na Pilot Flying J pia, kwa malipo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, geji ya tangi jeusi inasema robo tatu hata nikitoka kumwaga. Nibadilishe?*

Hapana, kaka. Karatasi imenata kwenye vihisi. Jaza maji tangi hadi nusu, endesha nalo njiani, kisha mwaga. Rudia. Tumia pia karatasi inayoyeyuka haraka: tumbukiza kipande kwenye chupa ya maji, tikisa. Kisipochanika, kisiingie chooni.

*Harufu inakuja tukiwa barabarani, tukisimama inaisha. Mume wangu anasema tangi limepasuka.*

Dada, mwambie atulie kwanza. Gari likienda na feni ya paa au dirisha liko wazi, hewa ya ndani inavutwa nje, na ya tangini inapanda kuziba pengo. Funga feni. Mimina maji kwenye tundu la bafu na sinki, kwani ile kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu ikikauka, harufu inapita. Halafu tazama bakuli la choo: maji yasipokaa chini, mpira wa kuziba umechakaa.

*Niko Minnesota. Naweza kuweka kulanti ya gari kwenye mabomba kabla ya baridi?*

Usithubutu. Ile ya kawaida ya gari ina ethilini glaikoli, ni sumu. Nunua ya waridi ya RV, ya propilini glaikoli. Toa maji kwenye hita na uiruke kwanza, la sivyo hita ya galoni 6 itameza galoni 6 za dawa bure.

*Maji ya tangi yananuka kama bwawa. Jiki niweke kiasi gani?*

Robo kikombe cha jiki isiyo na manukato kwa kila galoni 15 za tangi. Ichanganye na maji kwenye ndoo kwanza, mimina, jaza tangi. Fungua kila koki, ya moto na ya baridi, hadi unuse jiki, kisha funga na uache usiku kucha. Asubuhi mwaga yote, suuza hadi harufu iishe. Na bafu la nje usilisahau.