Jinsi ya kupanda Glacier Express kipindi cha theluji ukitokea Mbeya

Kuna treni Uswisi inaitwa Glacier Express, inatoka Zermatt inaenda St. Moritz, kilomita 291, inakata milima ya Alps kwa karibu masaa nane, madirisha yamepanda mpaka kwenye paa na nje ni theluji mwanzo mwisho. Wanaiita ekspresi ila Waswisi wenyewe wanajitapa kwamba ndo ekspresi ya polepole kuliko zote duniani. Huku kwetu watu wakiona video zake wanasema hiyo ya matajiri. Ni ghali, sibishi, lakini hela nyingi haiendi kwenye treni, inaenda kwenye ndege na mahali pa kulala, na kwenye treni kwenyewe kuna pa kubana na pa kuachia.

Anza na mwezi. Kuanzia katikati ya Oktoba mpaka katikati ya Desemba treni haitembei kabisa, kwa hiyo usije ukaomba likizo Novemba. Desemba mwishoni na Januari theluji ipo ila siku ni fupi, kipande cha mwisho unakiona jua likiwa limeshaisha. Mimi ningechagua Februari mpaka katikati ya Machi, theluji bado imejaa na mwanga unatosha. Tena kwa mtu wa Mbozi aliyeuza kahawa yake au wa Uporoto aliyetoa viazi, Februari inampa mda wa kujipanga bila kukimbizana.

Maana kuna viza. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya ila imo Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, unaomba viza ya Schengen, mapema kabisa ni miezi sita kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, usisubiri hizo 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifike angalau euro 30,000. Wengi wetu tunakwama kwenye taarifa ya benki, yaani mtu ana duka Mwanjelwa linazunguka vizuri tu lakini hela zote zinapita kwenye simu na mfukoni, benki panaonekana pakavu, halafu wiki ya kuomba viza anamwaga milioni kadhaa kwa mkupuo, hapo lazima waulize imetoka wapi. Anza kupitisha mauzo yako benki miezi mingi kabla, leseni ya biashara na TIN viwe sawa, na kama umeajiriwa chukua barua ya likizo. Na tiketi ya ndege isiyorudishwa hela usiilipie kabla viza haijatoka.

Ndege sio kazi: Songwe mpaka Dar, kisha Zurich kwa kuunganisha Doha, Addis au Istanbul. Ukitua Zurich stesheni iko chini ya uwanja huohuo, unapanda treni ya kawaida, unabadilisha Visp, na baada ya kama masaa matatu na nusu uko Zermatt. Pale magari ya mafuta hayaruhusiwi, ni miguu na vigari vya umeme. Lala hapo usiku mmoja au miwili kwa sababu Glacier inaondoka asubuhi, na pia ule mlima wa Matterhorn, mita 4,478, unauona vizuri ukiwa mjini pale, sio ukiwa ndani ya treni, kuna watu wanalipia Glacier wakidhani watakaa nao dirishani siku nzima. Kama hela inaruhusu panda na kitreni cha Gornergrat, kinakupandisha mpaka mita 3,089 unaikanyaga theluji kwa miguu yako.

Sasa madaraja. Yako matatu. La pili siti mbili kwa mbili, la kwanza mbili kwa moja, na juu yake kuna Excellence iliyoanza 2019, siti 20 tu, kila mtu na dirisha lake, chakula kinaletwa sahani baada ya sahani, na ina baa. Excellence unaongeza faranga mia nne na zaidi juu ya tiketi ya daraja la kwanza, na faranga moja inacheza karibu na shilingi elfu tatu, piga mwenyewe hesabu. Kama ni fungate na mmeshaamua kuchoma hela, sawa. Vinginevyo kata daraja la pili, madirisha makubwa ni yaleyale na chakula unaletewa hapohapo kwenye siti, hela iliyobaki ongeza usiku Zermatt. Kumbuka tu kwamba tiketi ni kitu kimoja na kushika siti ni kingine, siti inalipiwa kivyake na ni lazima hata kama una Swiss Travel Pass, ile pasi ya watalii ya kuzunguka Uswisi kwa treni, ndo hapo watu wanafika stesheni wanazuiwa.

Na kuna njia ya wabahili, ambayo mimi naipenda kuliko zote: kwenye reli ileile zinapita treni za kawaida za abiria, hazihitaji kushika siti, unabadilisha Visp au Brig, Andermatt, Disentis na Chur. Unakosa huduma na dirisha la paa, ila milima ni ileile.

Upande wa kukaa usikuumize kichwa. Treni ikifika Chur inageuza, inatoka kinyumenyume, aliyekuwa anaenda mbele anarudi nyuma na kila mtu anapata zamu yake.

Njiani, kwanza sikiliza pale inapopanda. Sehemu kali kuna reli ya meno katikati, gia la chini ya treni linang'ata meno hayo ndo inapanda. Baada ya hapo unaingia handaki la Furka, kilomita 15 na kidogo. Tangu lifunguliwe 1982 treni inapita majira yote ya baridi, lakini ule mto wa barafu wa Rhone ulioipa treni jina hauonekani tena, usiutafute. Halafu kipito cha mlimani cha Oberalp, mita 2,033, ndo juu kabisa kwenye safari hii, theluji imefukia kila kitu. Mtu wa Mbeya hapo atashangaa, maana kilele cha Mbeya kinapita mita 2,800 na hakina hata punje ya theluji. Wenzetu wako mbali na ikweta, jua la kipindi hicho linawapiga kwa ubavu tu. Hata St. Moritz mwisho wa safari stesheni iko mita 1,775, wakati reli yetu ya TAZARA pale Uyole inafika 1,789.

Kamera iwe tayari baada ya Tiefencastel, daraja la Landwasser linakuja, urefu kwenda juu mita 65, limepinda na kuingia moja kwa moja kwenye handaki lililotobolewa ukutani mwa mwamba. Baada ya Bergün reli inajizungusha ndani ya mlima ili kupanda, unaona kanisa lilelile mara kulia mara kushoto. Madirisha hayafunguki, kwa hiyo vaa nguo nyeusi, nyeupe inajirudi kwenye kioo na kuharibu picha zote.

Nguo, baridi ya Julai ya huku sio kipimo, Zermatt inashuka chini ya sifuri kwa mbali. Ila ndani ya treni kuna joto, ukivaa koti moja zito juu ya singlendi utateseka, vaa kwa tabaka uvue na kuvaa. Majaketi mazuri yanapatikana mitumbani Mwanjelwa, pekua kabla ya kununua mapya Ulaya. Kwenye viatu usibane hela, visiingize maji na soli iwe na meno. Beba na adapta, plagi zetu haziingii kwenye soketi zao.

Kurudi, St. Moritz mpaka Zurich ni kama masaa matatu na nusu kupitia Chur. Ukiwa na siku ya ziada shuka kwanza Tirano, Italia, kwa treni ya kawaida ya reli ya Bernina, inapita mita 2,253 bila meno yoyote, viza ni ileile.