Jinsi ya kuzunguka kusaka vitabu Mwanza na ukabaki na nauli

Kwanza nauli iweke mfuko wake peke yake, usichanganye na hela ya vitabu, mi nishatoka duka moja hapa mjini na riwaya tatu afu nikapiga mguu mpaka Mabatini na jua lile. Bajeti jipangie elfu kumi tu, utavuka lakini angalau ulipanga.

Vya mitumba vile vya kwenye turubai usifungulie mwanzo, fungua katikati, angalia gundi ya mgongo haijaachia na kurasa za mwisho zipo, maana kuna watu wanachanaga (sijui wanafungia karanga). Na bei usiulize huku umekikumbatia, utapigwa. Kiweke chini, shika kingine usichokitaka, uliza hicho kwanza, kile chako kitaje kama umekumbuka tu.

Ila ukikuta ile riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe 1945 na Kiswahili chake kikaja kutoka 1980, aisee hapo bajeti imekufa, we beba, ila uliza kama juzuu zote mbili zipo. Nyumbani wakikuuliza sema hiki ninacho siku nyingi.