Kabla hujatoa pesa ya madabodi ya bei mbaya

Ukiingia dukani ukasema unataka kuovakloki, yaani kuikaza prosesa ikimbie kuliko mwendo wa kiwandani, utaoneshwa boksi kubwa kuliko yote shelfuni: madabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, yenye taa za rangi, chuma kizito na bei inayokaribia ya kompyuta nzima. Kama prosesa yako ni ya kore sita au nane, iache hapo hapo. Chukua ya daraja la kati iliyojengwa vizuri, na kinachobaki kiende kwenye kupoza, pawa saplai na UPS. Kwa joto la Dar na umeme wetu, hivyo vitatu ndivyo vitakavyoamua utafika wapi.

Kwanza, inaruhusu?

Upande wa Intel, prosesa iwe na herufi K na madabodi iwe ya chipseti (chipu inayoamua bodi inaruhusu nini) ya Z: Z490, Z590, Z690, Z790. Core i5-12400 hata ukiivisha Z690 ya bei gani, kizidishi chake, namba inayopanga mwendo wake, kimefungwa. B660 na B760 zinakuruhusu kukaza ramu tu, na H610 hata hilo halipo. AMD ni wakarimu zaidi: B450, B550, B650 na X za kila kizazi zinaruhusu, na Ryzen karibu zote ziko wazi. Zinazokataa kuovakloki prosesa ni A320, A520 na A620. Pia 5800X3D na 7800X3D zimefungwa kizidishi, kwa hiyo usizinunulie bodi kwa ndoto hiyo.

Zile OptiPlex za Dell na EliteDesk za HP za mtumba zisahau kabisa. Ni mashine nzuri za ofisi, lakini baiosi zake (programu ya ndani ya bodi) hazina ukurasa wa kukaza mwendo.

Unacholipia ni VRM

Prosesa hailishwi volti 12 za pawa saplai moja kwa moja. Pembeni ya soketi kuna safu ya vifaa, yaani VRM, inayozishusha hadi volti moja na ushee na kuzigeuza kuwa ampea nyingi. Safu hiyo ina njia kadhaa zinazogawana mzigo, ziitwazo fezi. Kila fezi ina koili yake, kile kiboksi cha kijivu au cheusi, na mosfeti zake, yaani swichi za umeme. Bodi za bei mbaya hujisifu kwa fezi 16 au 20, za kati huwa na 6 hadi 12. Cha kujiuliza ni prosesa yako inahitaji ngapi.

Piga hesabu. Ryzen 5 5600 imewekewa kiwandani kikomo cha wati 76. Kwa volti 1.25 hizo ni kama ampea 61. Zigawe kwa fezi sita: kila moja inabeba ampea zisizofika 11, wakati mosfeti imeandikwa 50. Hata ukiikaza hadi wati 120, kila fezi inabeba 16. Namba hiyo ya 50 ni ya mazingira ya maabara, kweli, na eneo la raha ni ampea 15 hadi 25, lakini bado uko salama. Bodi ya fezi 18 hapo itafanya kazi ileile huku imelala usingizi.

Sasa chukua Core i9-14900K, yenye kikomo cha wati 253. Kwa volti 1.3 ni ampea 195, zaidi ya 32 kwa kila fezi kati ya sita. VRM yenye ufanisi wa asilimia 90 itamwaga wati 28 za joto tupu pembeni ya soketi. Hapo bodi dhaifu inaanza kupunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na mwenye mashine anabaki kuilaumu prosesa.

Joto letu linaharibu hesabu za watu wengine. Wapimaji wengi wa Ulaya na Marekani hupimia kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 22. Chumba cha Sinza mwezi wa Februari, saa nane mchana, bila AC, kinagonga 32. Kwa hiyo VRM waliyoipima ikawa nyuzi 85, kwako ihesabu 95 au zaidi, kwa sababu mosfeti ikipata moto upinzani wake unapanda na upotevu unaongezeka. Ukisoma kwamba bodi fulani "inatosha kwa shida" huko kwao, hapa haitoshi.

Ukiwa nayo mkononi

Usihesabu koili tu. Moja au mbili zilizojitenga na safu kawaida hulisha sehemu nyingine za prosesa, si kore. Halafu kuna watengenezaji wanaofunga seti mbili za vifaa kwenye amri moja kisha wanaandika fezi 12 pale penye sita. Tafuta picha za modeli hiyo ikiwa imevuliwa chuma, usome mosfeti zimeandikwaje.

Kisha shika hitisinki ya VRM, kile chuma cha kuipoza, uisukume pembeni kwa kidole gumba. Iliyofungwa kwa skrubu haitikisiki. Iliyobanwa kwa pini za plastiki zenye springi inacheza kidogo, na pini hizo huchoka. Iinamie uitazame kwa ubavuni: unataka kuona mifereji ya kupitisha hewa. Ukiona bamba laini, ligonge kwa ukucha. Likilia plastiki, hilo ni pambo tu, na linazuia hewa. Bodi ya kati yenye chuma cha mifereji inaishinda ya bei mbaya iliyovikwa koti la plastiki.

Bei mbaya inajilipa wapi? Kwa mwenye Core i9 au Ryzen 9 inayorenda video kutwa nzima kore zote zikiwa zimebanwa. Kwa anayekimbiza ramu za DDR5 kupita 7200, ambapo bodi yenye tabaka nyingi na nafasi mbili tu za ramu inaleta tofauti ya kweli. Kama unataka mtandao wa gigabiti 10 au nafasi nyingi za M.2, nunua kwa sababu hizo, ila usijidanganye kwamba ni za kuovakloki.

Namna ya kukaza, kwa mfano wa Ryzen 5 5600 na B550

Anza na baiosi mpya. Weka faili kwenye fleshi iliyofomatiwa FAT32, na mashine iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika baiosi, bodi isiyo na kitufe cha kuiandika upya bila prosesa itaishia kwa fundi mwenye mashine ya kuprogramu chipu. Kitufe hicho kipo hata kwenye bodi nyingi za kati, kiulizie. Na UPS yenyewe ijaribu mapema, kwa kuchomoa waya wa ukutani huku kompyuta ikifanya kazi nzito: baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya mraba ambayo pawa saplai za kisasa hazielewani nayo, mashine inazima palepale.

Endesha Cinebench R23, programu ya kuipima prosesa, kwa dakika 10 bila kubadili kitu, uandike alama, joto la prosesa na joto la VRM kutoka programu ya HWiNFO. Usipokuwa na namba za mwanzo hutajua umepata nini.

Ramu ndiyo faida ya haraka. Vijiti viwili vikae nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha washa XMP, mpangilio wa mwendo uliohifadhiwa kwenye ramu yenyewe. Kwa Ryzen 5000, DDR4-3600 ndiyo shabaha, kwa kuwa inaenda sambamba na mwendo wa ndani wa prosesa wa MHz 1800. Volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongoza ramu) isipite 1.1 kwa mwendo huo. Wenye AM5, soketi ya Ryzen 7000 na kuendelea, wasivuke 1.3 kwa hali yoyote: mwaka 2023 kuna Ryzen 7000 za X3D zilizoungua kwa volti hiyo kuachiwa juu, na AMD wakaifungia hapo.

Kwa prosesa, achana na kukaza kore zote kwa mkono. Hesabu haikai sawa: kutoka 4.4 GHz kwa volti 1.20 hadi 4.7 GHz kwa 1.35, mwendo umepanda asilimia 7 lakini joto limepanda kama asilimia 35, kwa sababu volti inajizidisha yenyewe. Kwenye baiosi ingia Precision Boost Overdrive, weka PPT (kikomo cha umeme wa prosesa) wati 110, kisha Curve Optimizer kore zote hasi 10. Jaribu siku mbili, nenda hasi 15, halafu 20. Hapa unapunguza volti, na prosesa inatumia nafasi iliyopata kupanda yenyewe.

Pima kwa OCCT saa moja, Cinebench dakika 30, na MemTest86 mizunguko minne. Pima mchana wa joto. Mashine inayofaulu saa tisa usiku inaweza kuanguka saa tisa alasiri.

Inapogoma

Ikizima au kujiwasha upya wakati umeiacha tu, au unasoma barua pepe, Curve Optimizer imezidi. Watu wengi hushangaa kwa sababu ilifaulu majaribio mazito, lakini kazi nyepesi ndiyo inayoipeleka kore moja kwenye mwendo wa juu kabisa. Fungua Event Viewer ya Windows utafute WHEA-Logger. Namba 18 inaelekeza kwenye kore, rudi nyuma tano kwenye Curve Optimizer. Namba 19 mara nyingi ni ule mwendo wa 1800, shusha ramu hadi 3200.

Isipowaka kabisa baada ya kugusa ramu, ipe muda ijaribu mara tatu. Ikishindwa, chomoa waya ukutani, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS au jina linalofanana, ziguse kwa ncha ya bisibisi sekunde 10. Bodi ya bei mbaya ina kitufe cha kazi hiyo mgongoni. Ni raha, lakini bisibisi unayo tayari.

Mwendo ukishuka wakati prosesa ina nyuzi 75 tu, shuku VRM. Bodi isiyo na kihisi ipime kwa kipimajoto cha mionzi, lakini usikielekeze kwenye chuma kinachong'aa, kitakudanganya kwa kusoma chini. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme juu ya hitisinki, subiri dakika tano chini ya mzigo, upime kwenye tepu. Zaidi ya nyuzi 90 hapo, tafuta hewa. Wanaotumia kipoza maji ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu ile feni ya juu ya prosesa iliyokuwa inapulizia VRM bila wewe kujua haipo tena. Feni ya milimita 80 iliyofungwa kwa kibanio cha plastiki ikaelekezwa kwenye hitisinki hushusha nyuzi 10 au zaidi.

Ukiwa karibu na bahari, kama Kigamboni au Mbezi Beach, fungua kesi kila miezi mitatu, puliza vumbi kwa bloa, na futa chumvi kwenye pini na kingo za ramu kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 99. Acha ikauke dakika 15 kabla ya kuwasha.