Somo: Insha ya uhakiki juu ya The Prisoner, kuanzia kutazama hadi kuandika

The Prisoner ni tamthilia ya televisheni ya Uingereza yenye episodi 17, kila moja kama dakika 50, iliyoonyeshwa ITV ya hukohuko kuanzia Septemba 1967 hadi Februari 1968. Jasusi anajiuzulu kwa hasira, anapuliziwa gesi nyumbani kwake London, na anapozinduka yumo katika Kijiji cha kupendeza kando ya bahari ambako watu wana namba badala ya majina. Yeye ni Namba Sita. Mkuu wa hapo ni Namba Mbili, na karibu kila episodi Namba Mbili ni mtu mwingine. Wanamtaka aseme jambo moja: kwa nini alijiuzulu?

Insha juu yake ni nyingi, na ugonjwa wake ni mmoja: kila mwandishi anataka kutegua kitendawili. Namba Moja ni nani, Kijiji kiko wapi, mwisho una maana gani. Kitendawili cha kawaida kikikushinda unatoa mji, mambo yanaisha. Mtegaji huyu hataki mji, ana Kijiji chake tayari. Kwa hiyo hapa tunachagua onyesho moja, tunalipima, tunajenga hoja juu yake.

Hatua ya 1: Tazama zote, kisha taja mpangilio uliofuata

Ni dakika 850, yaani saa kumi na nne na ushei. Usiruke. Mara ya kwanza tazama bila kalamu.

Mpangilio ni mtego wa kwanza. Episodi hazikuonyeshwa kwa mfuatano zilivyopigwa picha. Dance of the Dead ilipigwa ya nne ikaonyeshwa ya nane, na humo Namba Sita anasema yeye ni mgeni pale. Once Upon a Time ilipigwa ya sita ikawekwa akiba hadi ya 16. Patrick McGoohan, mwigizaji mkuu na mwenye kauli ya mwisho katika kazi nzima, alisema baadaye kwamba yeye alikusudia saba tu. Mashabiki wana mipangilio yao wenyewe, na wanaigombania kweli kweli.

Hasara yake ni hii: ukiandika kwamba Namba Sita "anazidi kubadilika kadiri tamthilia inavyosonga", msomaji anabadilisha mpangilio, hoja yako inaanguka. Sentensi moja katika aya ya kwanza inatosha: nimefuata mpangilio wa ITV wa 1967.

Hatua ya 2: Episodi moja, swali moja

Kwa insha ya maneno 1,500 hadi 2,000, episodi moja inatosha. Mbili ni za kulinganisha. Ukifika nne unasimulia tu.

Lijaribu swali lako hivi: je, mtu aliyetazama episodi hiyohiyo anaweza kukupinga kwa ushahidi? "The Prisoner inahusu uhuru wa mtu binafsi" hakuna atakayeipinga, kwa hiyo si hoja. Lakini chukua Free for All, ambamo Namba Sita anagombea uchaguzi wa kuwa Namba Mbili na anashinda. Uliza: ni lini hasa maneno yanamtoka mikononi? Hapo watu watabishana.

Hatua ya 3: Pima onyesho

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Rudia onyesho lako mara tatu: mara moja kawaida, mara moja bila sauti, mara moja umefumba macho. Chora safu nne kwenye karatasi: dakika na sekunde, kinachoonekana, kinachosikika, nani anaangaliwa na kamera. Onyesho la dakika mbili likikupa mistari chini ya kumi, hujatazama.

Mfano ni mahojiano ya ndani ya gari katika Free for All. Namba Sita ameshakubali kugombea, na umati ulishakuwa na mabango yenye picha yake papo hapo, kabla mtu yeyote hajapata nafasi ya kuyatengeneza. Anapanda teksi ya Kijiji. Mwandishi wa gazeti anarukia ndani pamoja na mpiga picha. Anaulizwa ataendeshaje kampeni. Anajibu hana la kusema. Mwandishi anaandika, huku akitamka kwa sauti, kwamba mgombea anakusudia kupigania uhuru kwa gharama yoyote. Sera ya ndani? Hana la kusema. Inaandikwa kwamba ataimarisha usalama wa Kijiji. Muda mfupi baadaye gazeti liko mitaani, na kichwa cha habari kinasema Namba Sita ametoa ya moyoni.

Sasa angalia safu zako. Dawa na mashine za kumgeuza akili zinakuja baadaye katika episodi hiyohiyo. Insha nyingi hudai anaanza kuongea lugha ya Kijiji baada ya kutiwa kasumba kwa mashine hizo. Karatasi yako inaonyesha Kijiji kilishamsemea kabla hakijamgusa, na yeye alikaa kimya akidhani kimya chake ni upinzani. Hiyo ni hoja, na imetoka kwenye mfuatano wa maonyesho. Si lazima umjue McGoohan alikuwa anawaza nini.

Hatua ya 4: Tenga ajali na kusudi

Kabla hujaipa kitu maana, uliza kilifikaje kwenye picha. Leo McKern ni Namba Mbili katika Once Upon a Time, ana ndevu. Katika Fall Out, episodi ya mwisho, anafufuliwa na kunyolewa. Kuna wanaoandika kurasa juu ya "kuzaliwa upya". Ukweli ni kwamba kati ya episodi hizo mbili ulipita muda mrefu, McKern alikuwa ameshanyoa, na hati ikatungwa imfuate. Hilo halifuti maana. Ukumbi mzima bado unamtazama akinyolewa. Ila andika vyote viwili, sababu na athari, usije ukaumbuliwa na shabiki wa kwanza atakayekusoma.

Vivyo hivyo Do Not Forsake Me Oh My Darling, ambamo akili ya Namba Sita inahamishiwa mwili wa mtu mwingine: McGoohan alikuwa Marekani akiigiza filamu, ndiyo maana Nigel Stock yuko karibu muda wote.

Na rangi. Tamthilia ilipigwa kwa rangi, lakini ITV ilianza matangazo ya rangi Novemba 1969. Watazamaji wa kwanza wa Uingereza waliona majoho ya mistari ya wakazi wa Kijiji kwa nyeusi na nyeupe. Ukiandika kwamba rangi "ziliwashtua watazamaji wa 1967", umekosea nchi.

Hatua ya 5: Andika, na uache mazoea ya darasani

Wengi wetu tulifundishwa uhakiki kwa orodha: dhamira, ujumbe, falsafa, msimamo, kisha fani, wahusika, mandhari. Orodha hiyo inafaa mtihani. Katika insha inaua, kwa sababu inatenga kilichosemwa na namna kilivyosemwa, na katika mahojiano yale ya teksi namna ndiyo kila kitu. Ukijikuta umeandika "ujumbe tunaoupata ni", futa urudi kwenye karatasi ya safu nne.

Muhtasari wa hadithi usizidi aya moja. Onyesho lako liingie kabla ya aya ya tatu. Anayekupinga apewe aya yake kamili, tena umpe ushahidi wake bora, usimchagulie ule dhaifu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, ule mstari wa mwanzoni mwa episodi, Namba Sita anauliza nani ni Namba Moja, anajibiwa "You are Number Six". Nimesoma kwamba ukiweka mkato jibu linageuka. Kwa Kiswahili unaufanyaje?

Jibu: Hapo Kiswahili kinakukamata. Bila mkato ni "Wewe ni Namba Sita", anakatwa tu. Ukiweka mkato baada ya neno la pili inakuwa "Ni wewe, Namba Sita", anaambiwa Namba Moja ni yeye. Kiingereza kinabeba zote mbili kwa maneno yaleyale, sisi mpangilio unabadilika. Usichague tafsiri moja kimyakimya. Acha mstari wa asili, toa tafsiri zote mbili, kisha ujadili. Na sema mstari "unaruhusu" usomaji huo, usiseme "unathibitisha", maana mkato hausikiki waziwazi. Mazungumzo hayo pia hayamo mwanzoni mwa episodi ya kwanza, kwa hiyo usiandike "kila episodi".

Swali: Mimi niko Dodoma. Neno Kijiji, mwaka 1967, Azimio la Arusha Februari mwaka huohuo. Si kuna insha hapo?

Jibu: Kuna tarehe hapo, insha bado. Kijiji cha Namba Sita kilipigwa picha Portmeirion, Wales, mahali pa hoteli palipobuniwa na msanifu Clough Williams-Ellis kuanzia 1925. Kuna mtunza bustani, hakuna mkulima. Kuna bendi, sataranji na maandamano ya miavuli. Ukitaka kuandika kuhusu mtazamaji wa Tanzania anavyolisikia neno hilo leo, andika hivyo wazi, ni mada halali. Usiifanye tamthilia ijibu jambo ambalo haikuulizwa.

Swali: Kuna anayesema hii si bunilizi ya kisayansi, ni ya majasusi tu. Nimjibu nini?

Jibu: Mpe episodi mbili. Katika A. B. and C. wanaingia kwenye ndoto zake kwa dawa na kuziona kwenye skrini. Katika The General kozi ya historia ya miaka mitatu inamiminwa kichwani kwa dakika tatu, wote wanafaulu, wote wanajibu kwa maneno yaleyale. Nyuma yake kuna kompyuta, nayo inaungua ikiulizwa swali la neno moja la Kiingereza, "Why?", yaani kwa nini?

Swali: Toleo la 2009 nilitazame?

Jibu: Kama unalinganisha, ndiyo. Ni episodi sita, waigizaji wakuu ni Jim Caviezel na Ian McKellen, na Kijiji kimehamia jangwani Namibia. Kama hulinganishi, saa hizo rudia Free for All.

Swali: Dada yangu anataka kumalizia insha yake na ule mlango wa nyumba ya Namba Sita mwishoni mwa Fall Out. Inafaa?

Jibu: Inafaa kama hoja yake ilikuwa inaelekea huko tangu mwanzo. Mwambie aonyeshe vitu viwili: namba iliyo mlangoni ni 1, na mlango unafunguka wenyewe kama ile ya Kijijini, ilhali tuko London.