Maji ya Kisima Hayamwagwi Kidogo Kidogo

Kaskazi ikishika, bustani za Nyali, Bamburi, Kisauni na Likoni hapa Mombasa huanza kuungua kwa mtindo mmoja: majani ya waridi na mlimau yanakauka kingo, kuanzia ncha. Mwenye nyumba analaumu jua, na jua halina kosa. Kosa ni ule mpira unaopitishwa juu ya maua dakika chache kila jioni, na maji yenyewe ni ya kisima.

Visima vyetu vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na yale maji matamu yameelea juu ya maji ya bahari. Pampu ikivuta sana, ya chini yanapanda. Ndiyo maana mwezi wa Machi maji huwa na chumvi kuliko wakati wa masika, na wengi hawapimi tena baada ya siku ile kisima kilipochimbwa.

Fanyeni hesabu. Kitalu cha mita 1 kwa mita 2 kinapewa lita 10 kila siku, na kila lita ina gramu 2 za chumvi. Kwa siku umeweka gramu 20, kwa mwezi gramu 600. Zaidi ya nusu kilo ya chumvi! Maji machache hivyo hulowesha udongo wa juu tu, jua linayakausha, chumvi inabaki palepale kwenye mizizi.

Kitalu hichohicho kipewe lita 40, yaani mitungi miwili ya lita 20, kwa mara moja, kisha kiachwe siku tatu kabla ya kumwagiwa tena. Lita 40 hapo ni kina cha milimita 20. Mimea hutumia takriban milimita 5 kwa siku wakati wa kaskazi, kwa hivyo siku tatu ni 15. Milimita 5 zilizobaki ndizo zinazoisukuma chumvi chini ya mizizi. Hizo msizibane. Nimeona watu wakifuata siku tatu vizuri kabisa, kisha wanatoa mtungi mmoja, na hapo wamerudi kulekule. Lita 10 kila siku ni 30 kwa siku tatu. Mnachoongeza ni lita 10 tu.

Mwagia chini, kwenye shina, kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Majani yasiguswe na maji haya. Baada ya saa moja, chokoa udongo: uwe umelowa hadi sentimita 20. Ukikuta umekauka kwenye sentimita 10, maji hayakutosha.

Kosa la pili huzaliwa na la kwanza. Mtu akiona kingo zimeungua anadhani mmea una njaa, anatia mbolea ya dukani au samadi ya kuku mbichi. Jamani, mbolea nayo ni chumvi. Usitie kitu mpaka umeosha udongo kwa maji mengi angalau mara tatu za mpango huu. Na makumbi yaliyofukiwa ufukoni ili kusokotwa kamba msiyalete bustanini, wala mchanga wa pwani. Matandazo yawe makuti makavu au majani, unene wa sentimita 5 hadi 8, yakae mbali na shina kwa sentimita 10.

Ukiona majani mapya yanatoka na kingo za kijani, endelea hivyohivyo.

Kipimo kidogo cha EC, kile kinachoonyesha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme, kinatosha nyumbani. Chini ya maikrosimensi 700 kwa sentimita maji hayana tatizo. Kati ya 700 na 3,000, fuata mpango niliotaja. Zaidi ya 3,000, changanya na maji ya mvua nusu kwa nusu, chumvi itapungua kwa nusu. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 hutoa karibu lita 800, na mengi ya maji hayo mnayaacha yaende barabarani. Asiye na tangi aache waridi na ndimu, apande mkadi, mvinje, mnazi au bogenvilia, na miche iingie ardhini masika yakianza Aprili, ili wiki za kwanza inywe maji ya mvua.